Kuvua Perege na Kambale kwa Ndoano Wakati wa Masika: Bwawa la Nyumba ya Mungu na Mito Inayolilisha

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko kusini mwa mji wa Moshi, kwenye tambarare iliyo kati ya milima ya Upare na nyika ya Simanjiro. Lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kuzalisha umeme na kudhibiti maji yanayoteremka kwenda kwenye mitambo ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, na mitambo ya bwawa lenyewe ina uwezo wa megawati 8. Likijaa hufikia eneo la kilomita za mraba zipatazo 140, na maji yake hupokelewa kutoka mito miwili. Wa kwanza ni Kikuletwa, unaokusanya maji ya mlima Meru na ya miteremko ya kusini na magharibi ya Kilimanjaro. Wa pili ni Ruvu, unaotoka ziwa Jipe na kupokea maji ya upande wa mashariki. Mito yote miwili huingia upande wa kaskazini, ambako maji ni ya kina kifupi na yamejaa manyasi, ilhali ukuta wa bwawa na kina kirefu viko kusini.

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Moshi au Arusha anayetaka kuvua kwa ndoano, kwa kitoweo na kwa burudani, katika miezi ya masika. Hauhusu uvuvi wa nyavu, wala hauhusu samaki aina ya trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni katika vijito vya juu vya mlimani, kwa kuwa sehemu kubwa ya vijito hivyo leo iko ndani ya hifadhi na ina taratibu zake. Samaki tunaowazungumzia ni perege na kambale, na jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba wakati wa masika samaki hawa hufuata mwenendo wa mto kuliko wanavyofuata saa au tarehe. Mtu anayejua mto umepanda lini na umeanza kushuka lini atarudi na samaki, na anayekwenda kwa kukisia atarudi na matope.

Hatua ya kwanza: soma mito kabla ya kuondoka nyumbani

Masika katika mkoa wa Kilimanjaro huanza Machi na kuendelea hadi Mei, na kwa kawaida Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi mlimani. Mvua inayonyesha Kibosho au Machame leo haionekani bwawani leo. Hukusanywa kwanza na mito kama Karanga, Weruweru na Kikafu, kisha huingia Kikuletwa na kuteremka kupitia Arusha Chini. Kwa hiyo msafiri wa barabara ya Arusha kwenda Moshi ana bahati ambayo wengi hawaitumii, kwani anapopita juu ya daraja la Kikafu na la Weruweru anaweza kuona kwa macho yake hali ya maji yatakayofika bwawani baadaye.

Tazama mambo matatu. Tazama rangi, yaani kama maji ni mekundu mazito yenye udongo au yameanza kuwa mepesi. Tazama takataka, kwa sababu magogo, matawi na migomba inayoelea ni dalili kwamba mto bado unapanda na unakwangua kingo zake. Mwisho tazama kingo zenyewe: ukiona mstari wa tope mbichi juu ya usawa wa maji, mto umeshaanza kushuka, na hiyo ndiyo habari njema kuliko zote.

Kwa mtazamo wangu masika yana vipindi vitatu kwa mvuvi wa ndoano. Kipindi cha kwanza ni mafuriko ya mwanzo, baada ya ukame wa Januari na Februari, ambapo maji yanasomba minyoo, wadudu, mbegu na uchafu wa mashambani na kuyamwaga bwawani. Kambale hutambua chakula kwa ndevu zake na kwa harufu zaidi ya macho, hivyo hukusanyika karibu na mlango wa mto mara tu ladha ya maji inapobadilika. Kipindi hiki ni kifupi lakini ni kizuri sana.

Kipindi cha pili ni kilele cha mafuriko, wakati mto umevuka kingo na kufunika nyasi za pembeni. Huu ndio wakati kambale wanapopanda kuzaa. Huacha bwawa, hupanda mito na mifereji, na usiku, hasa baada ya mvua kubwa, huingia kwenye maji ya kina kifupi yaliyofunika majani makavu. Jike hutaga makumi ya maelfu ya mayai yanayonata kwenye majani, na katika maji ya uvuguvugu mayai hayo huanguliwa kwa muda wa siku moja hadi mbili tu. Wazazi hawalindi mayai wala vifaranga. Usalama wao wote unategemea nyasi zilizofurika, na maji yakikauka mapema au nyasi zikikanyagwa, kizazi chote cha mahali hapo hupotea.

Naomba msomaji aache kuvua katika nyasi hizo katika kipindi hiki, na nasema hivyo nikiwa najua kwamba kambale aliye kwenye maji yanayofika magotini hukamatwa kwa urahisi, hata kwa panga. Bwawa hili lina historia inayopaswa kutufunza. Miaka michache baada ya kujazwa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilitoa samaki wengi ajabu, wavuvi wakafurika kutoka sehemu mbalimbali za nchi, kisha mavuno yakaporomoka na hayakurudi tena katika kiwango kile. Si uvuvi peke yake uliosababisha hayo, kwa kuwa bwawa jipya huwa na rutuba ya ardhi iliyozamishwa ambayo hupungua yenyewe baada ya muda, lakini kukamata samaki wanaozaa hakuwezi kulisaidia bwawa lililochoka. Isitoshe, kambale anayezaa huwa hana hamu ya chakula, hivyo hata mvuvi asiyejali hapotezi kitu kwa kusubiri.

Kipindi cha tatu ndicho cha kwenda. Mto unaposhuka, na rangi yake inapotoka kwenye wekundu mzito na kufikia ile ya chai ya maziwa, kambale waliomaliza kuzaa hurudi kuelekea bwawani wakiwa wamekonda na wenye njaa. Maji yanayotoka kwenye nyasi huja na wadudu na viluwiluwi, na samaki husimama kwenye njia ya chakula hicho. Wakati huohuo perege husogea kwenye ghuba za pembeni ambako tope limetulia na jua limeanza kupasha maji. Ukipata siku mbili au tatu bila mvua kubwa mlimani baada ya kilele, funga mizigo.

Hatua ya pili: kibali na wenyeji

Uvuvi nchini unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na bwawa lenyewe limegawanyika katika wilaya za Mwanga, Moshi na Simanjiro, ambayo ya mwisho iko mkoa wa Manyara. Kabla ya kwenda, muulize ofisa uvuvi wa wilaya utakayofikia ni leseni gani unayotakiwa kuwa nayo na kama bwawa liko wazi, kwa sababu limewahi kufungwa kwa vipindi ili samaki wapate kuongezeka. Usitegemee habari za mwaka jana.

Ukifika mwaloni, mathalani kwenye vijiji vya Lang'ata upande wa Mwanga, nenda kwanza kwa viongozi wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wengi hukiita BMU. Salimia wazee waliokaa kwenye kivuli, sema umetoka wapi na unataka kufanya nini, uonyeshe leseni yako bila kungoja kuombwa. Haya si mapambo ya adabu tu. Wazee hao ndio wanaojua ni ghuba ipi ina mamba mwaka huu, nyavu za watu zimetegwa wapi, na kijana gani mwenye mtumbwi ni mtulivu majini.

Hatua ya tatu: vifaa

Kwa perege chukua mwanzi au ufito mwepesi wa urefu wa mita tatu hadi nne, wenye ncha inayopinda kwa urahisi. Uzi wa nailoni uwe mwembamba, wa unene wa milimita 0.20 hadi 0.25, na urefu wake ulingane na mwanzi au uzidi kidogo. Ndoano ziwe ndogo, za namba 10 hadi 12, kwa maana mdomo wa perege ni mdogo. Kumbuka kwamba kwa ndoano hizi namba inavyokuwa kubwa ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Chubwi iwe ya risasi ndogo sana, inayotosha tu kuzamisha chambo na kusimamisha boya wima. Boya zuri kabisa hukatwa kutoka kwenye kandambili iliyochakaa: kata kipande chembamba kisichozidi kidole kidogo, kitoboe katikati, pitisha uzi, kisha kizuie kwa kijiti kilichochongwa. Boya nene huonekana vizuri kwa mvuvi, lakini perege akilivuta huhisi uzito na kutema chambo.

Kwa kambale mambo ni tofauti. Uzi uwe wa milimita 0.45 hadi 0.60, ndoano kubwa na imara yenye shina refu, na chubwi nzito ya kushikilia chambo chini mahali penye mkondo. Mwenye fimbo ya kisasa yenye kikunjio cha uzi atarusha mbali zaidi, lakini mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha mbao au chupa hufanya kazi ileile, na wavuvi wengi wa bwawani hutumia huo. Usifunge chubwi moja kwa moja juu ya ndoano. Ipitishe ili iteleze kwenye uzi, kisha weka fundo au shanga la kuizuia umbali wa sentimita 40 hivi kutoka kwenye ndoano. Namna hii kambale akibeba chambo anavuta uzi tu, uzito wa chubwi unabaki chini, naye hashtuki.

Fundo la ndoano ndipo samaki wengi wakubwa wanapopotea, kwa hiyo nitalieleza kwa utulivu. Pitisha ncha ya uzi kwenye tundu la ndoano na uivute itokeze urefu wa kiganja. Shika ndoano kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa mkono mwingine zungusha ncha ile kwenye uzi mkuu mara tano au sita, mizunguko ikae kando kwa kando bila kupandana. Rudisha ncha na uipitishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu kabisa na tundu, halafu uipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza sasa hivi. Kabla ya kukaza, lowesha fundo kwa mate, kwa sababu nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale. Vuta polepole hadi mizunguko yote ijipange, kisha kata ncha ukiacha milimita mbili. Baada ya hapo chomeka ndoano kwenye kitu kigumu, kama ubao, na uvute uzi kwa nguvu. Fundo likiteleza sasa, ni heri kuliko likiteleza kambale wa kilo nne akiwa ukingoni.

Ongeza kisu kikali, koleo la kutolea ndoano, kitambaa kinene cha kushikia samaki, ndoo yenye mfuniko, barafu kama unaipata, na buti za mpira. Buti si za hiari, kama nitakavyoeleza baadaye.

Hatua ya nne: chambo

Mkazi wa Moshi hana haja ya kununua chambo. Ingia kihambani, chimba chini ya migomba karibu na mahali samadi inapotupwa, na utapata nyungunyungu wa kutosha katika dakika chache, hasa masika udongo unapokuwa na unyevu. Wahifadhi kwenye kopo lenye udongo uleule pamoja na vipande vya jani la mgomba lililooza, toboa mfuniko, na usiliache kopo juani ndani ya gari hata kidogo, kwani nyungunyungu waliokufa kwa joto huyeyuka na hawafai kitu.

Nyungunyungu hufaa kwa samaki wote wawili. Kwa perege tumia kipande kifupi kinachofunika ndoano na kuacha mkia mdogo ukicheza. Kwa kambale tunga nyungunyungu watatu au wanne kwa pamoja, wawe fundo. Kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua za mwanzo ni chambo kizuri mno cha perege, kwa sababu samaki katika siku hizo huwaona wakianguka majini wenyewe. Ng'oa mabawa, na umtunge mmoja kwa kumpitisha ndoano kifuani. Kwa kambale, utumbo wa kuku na maini ya ng'ombe yaliyokaa siku moja hutoa harufu inayosafiri mbali katika maji machafu, ambako macho hayasaidii. Funga utumbo kwenye ndoano kwa uzi mwembamba, la sivyo utachukuliwa kidogo kidogo na samaki wadogo.

Perege huvutwa pia kwa chakula cha kumwaga. Changanya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti kiasi, lowesha kwa maji ya bwawa hadi mchanganyiko ushikamane ukiuminya, kisha tupa matonge mawili au matatu mahali utakapovua na usubiri. Usimwage mengi. Lengo ni kuwakusanya samaki bila kuwashibisha.

Hatua ya tano: perege katika ghuba

Tafuta ghuba iliyojikinga na mkondo wa mto, yenye maji ya kina cha mita moja hadi mbili, penye mafunjo au miti iliyokufa iliyobaki majini. Maji yawe na uwazi wa kuona mkono wako ukiuzamisha hadi kiwiko. Fika mapema asubuhi, kwa kuwa kwenye bwawa hili upepo huongezeka kadiri siku inavyosonga na ifikapo mchana boya halisomeki tena.

Keti chini au chuchumaa. Perege huona vizuri, na kivuli cha mtu aliyesimama ukingoni kikitembea juu ya maji huwaondoa samaki wote kwa muda mrefu. Pima kina kwanza kwa kuzamisha chubwi, kisha weka boya ili chambo kielee sentimita chache juu ya tope. Mguso wa perege ni mdogo, na mara nyingi boya halizami, bali hutetemeka, hutulia, halafu husogea pembeni polepole. Hapo ndipo pa kuinua mwanzi, kwa mkono mwepesi na kwa mwelekeo ulio kinyume na boya linakokwenda. Anayengoja boya lizame kabisa hupata samaki aliyemeza ndoano, ambaye hawezi kurudishwa majini akiwa hai.

Usife moyo kama eneo lina perege wengi wanaoonekana lakini hawagusi chambo. Baadhi ya perege wa bwawa hili hula hasa mwani mdogo sana unaoelea majini, na hao ni vigumu kuwapata kwa ndoano. Wengine hula majani, wadudu na minyoo, na ndio tunaowalenga, nao hupatikana zaidi karibu na majani kuliko kwenye maji ya wazi.

Ukimtoa samaki, mtazame mdomo. Majike wengi wa perege hubeba mayai na vifaranga vyao mdomoni kwa siku kadhaa, na mara nyingine utaona mayai ya rangi ya manjano yakimwagika mara tu unapomnyanyua. Anayebeba mayai huwa hali sana, hivyo humpati mara kwa mara, lakini ukimpata mrudishe upesi bila kumtoa kabisa majini. Vivyo hivyo na wadogo. Samaki asiyefika urefu wa kiganja pamoja na vidole hana nyama ya kutosha, na aachwe akue.

Hatua ya sita: kambale kwenye mlango wa mto

Maji ya mto yanapoingia bwawani wakati wa masika hayachanganyiki mara moja. Unaweza kuuona mpaka kwa macho, upande mmoja kahawia, upande mwingine kijani, na katikati mstari wa povu, majani na vijiti. Chakula hupungua kasi na kuzama kando ya mstari huo, na kambale hupita chini yake. Rusha chambo upande wa maji machafu, mita mbili au tatu kutoka kwenye mpaka, na ukiache kitulie chini.

Chagua ukingo wa juu, mkavu, usio na manyasi marefu, ambako unaona pande zote. Ukingo ulioliwa na mafuriko huwa umetobolewa chini na unaweza kumeguka, kwa hiyo kaa nyuma hatua tatu. Usikanyage majini kurusha.

Kambale hugusa kwa namna yake. Kwanza utahisi mishtuko midogo kwenye uzi, anapoichunguza chambo kwa ndevu, na mikono ya mgeni hutaka kuvuta papo hapo. Subiri. Shika uzi kati ya vidole bila kukaza, mpe nafasi, na baada ya muda uzi utaanza kutembea moja kwa moja, kwa uzito usio na mishtuko. Sasa vuta kwa nguvu mara moja na uendelee kukaza. Mdomo wa kambale ni mgumu, na ndoano butu haiingii, ndiyo maana napenda kuzinoa ndoano kwa tupa kabla ya kila safari.

Akikamatwa atatafuta mizizi au atajikunja kwa mzunguko na kupinda uzi. Usimpe uzi uliolegea, lakini usimvute kwa pupa. Akifika ukingoni, usimshike kwa mkono mtupu mbavuni, kwani mapezi yake ya kifuani yana miiba yenye meno inayochana kiganja, na jeraha la miiba hiyo huchelewa kupona. Mtupie kitambaa, mkandamize nyuma ya kichwa, vidole vikiwa nyuma ya miiba ile, na utoe ndoano kwa koleo. Ukiona jike ambaye tumbo limejaa na kulainika, hajazaa bado. Mrudishe.

Ruvu na Kikuletwa hazifanani kwa jambo hili. Kikuletwa hupanda na kushuka haraka, kwa sababu mito yake inateremka moja kwa moja kutoka milimani. Ruvu hupita kwanza ziwa Jipe na maeneo yenye vinamasi, ambayo hunyonya mafuriko na kuyaachia taratibu, hivyo maji yake hubadilika kwa utulivu zaidi. Mwaka ambao Kikuletwa haijatulia kwa mvua za kila siku, ni busara kuhamia upande wa Ruvu.

Usalama

Viboko na mamba wapo, na masika huwafanya wawe hatari zaidi kwa sababu maji yaliyopanda huwasogeza hadi maeneo ambayo kiangazi yalikuwa makavu. Kiboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi na hurudi kwa njia ileile alfajiri. Mtu aliyekaa kwenye njia hiyo, kati ya mnyama na maji, yuko mahali pabaya kuliko pote bwawani. Njia zake utazitambua kwa mifereji miwili iliyokanyagwa sambamba na ukanda wa nyasi katikati. Usiketi hapo, na usivue baada ya jua kutua hata kama kambale ndio wanaanza kuchangamka. Samaki usafishie mbali na mahali unapovulia na mbali na watu wanapochota maji, kwani damu na matumbo humzoesha mamba kuja mahali hapo.

Kichocho kimeenea katika maji ya tambarare hii tangu zamani, Arusha Chini ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyojulikana kwa ugonjwa huo. Vimelea vyake huingia kupitia ngozi iliyo ndani ya maji, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Ndiyo sababu ya buti. Ukilowa, jikaushe kwa taulo mara moja, na ukiona damu kwenye mkojo au kinyesi majuma kadhaa baadaye, nenda hospitali ueleze kwamba uliingia bwawani. Usiku, hata kama unalala kijijini kwa siku moja, tumia chandarua.

Ukipanda mtumbwi, vaa jaketi la kuokolea, hata kama mwenye mtumbwi hana la kwake na anakucheka kwa upole. Rudi nchi kavu upepo unapoanza kuinua mawimbi yenye povu. Maji ya kina kifupi huchafuka haraka na mawimbi yake ni mafupi na yaliyosongamana, ambayo hujaza mtumbwi mdogo kwa dakika chache.

Kutunza samaki hadi nyumbani

Joto la tambarare si la Moshi mjini, sembuse Marangu. Perege aliyekufa na kuachwa juani asubuhi huwa ameanza kulegea kabla ya mchana. Muue mara tu unapompata kwa pigo moja juu ya macho, toa matamvua na matumbo, msuuze, na umlaze kwenye barafu akiwa amezungukwa na majani mabichi ya mgomba ili ngozi isiungue kwa baridi. Bila barafu, mpake chumvi ndani ya tumbo na umfunge kwenye kitambaa chenye unyevu mahali penye kivuli na hewa.

Kambale huvumilia zaidi, kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa na hukaa hai muda mrefu kwenye ndoo yenye maji kidogo. Harufu ya tope inayowafanya watu wengi wamkatae imo zaidi kwenye ngozi na mafuta, si kwenye nyama. Msugue kwa majivu na chumvi hadi utelezi wote utoke, mwagie maji ya moto, mkwangue kwa kisu, kisha mchane na uondoe mafuta ya manjano yaliyo kandokando ya tumbo. Vipande viloweshwe kwa ndimu na chumvi kwa nusu saa kabla ya kukaangwa. Wakiwa wengi, wabanike kwa moshi wa kuni kavu, moto mdogo, hadi nyama ikazane na ngozi iwe ya kahawia. Kambale aliyekaushwa hivyo na kuhifadhiwa mahali pakavu hudumu kwa siku kadhaa, na akipikwa kwa nazi au karanga hulika na ugali bila matatizo yoyote.